Ndoo Iliyonyamaza

Sura ya Kumi na Moja

Barafu iliyomuua Wendell Haapala ilikuwa bado pale pale ilipotupwa, kwenye tuta la theluji nyuma ya gereji yake, na Marlys Kangas alimshukuru Mungu kwa baridi ya Januari. Kwingine duniani ushahidi wa namna hiyo ungekuwa umeshageuka tope. Katika Rautala, mji wa wachimba chuma kaskazini mwa Minnesota, barafu hungoja hadi Aprili bila kulalamika.

"Ni ile," alisema Dale Rinne, akionyesha kwa beleshi. "Au hii hapa. Sijui, Marlys. Barafu ni barafu."

"Ni wewe uliyeitoa kwenye bomba?"

"Kwa mpini wa ufagio. Nikaitupa huku. Mtu amekufa kwenye kiti, mkewe analia, nianze kupiga picha barafu?"

"Ndiyo."

Dale alilichoma beleshi kwenye theluji. Alikuwa askari wa sherifu tangu nywele zake zikiwa nyingi, mtu wa mwili mkubwa na moyo laini, na upelelezi wake ulianzia na kuishia kwenye jambo la kwanza aliloliona. Yeye ndiye aliyeitwa Jumamosi ile. Alimkuta Wendell ameketi ndani ya gereji, mashavu mekundu kama mtu aliyetoka kuoga sauna, amekufa kwa ile hewa isiyo na harufu inayowaua hata waliolala na jiko la mkaa chumbani. Dale akatoka nje, akalikuta bomba la moshi la hita limezibwa na barafu, akaandika kwamba ni ajali. Sherifu akatia sahihi. Mji mzima ukakubali, kwa sababu mji mzima uliijua hita ile.

Ilikuwa hita kuukuu ya gesi, imening'inizwa darini, Wendell aliipata kiwanda cha siagi kilipofungwa. Gesi ikiungua hutoa mvuke, na mvuke ukikutana na bati baridi hugeuka maji. Ndiyo maana bomba lilipita ukutani likiwa limeinamishwa kidogo kuelekea nje, maji yatiririke yaende zake, yasirudi kuiozesha hita. Yakifika nje huganda kwenye mdomo wa bomba na kuning'inia. Watu waliziita ndevu za Wendell. Kila asubuhi alitoka na ufagio kuzinyoa, na majirani walimtania kwamba laiti angeujali uso wake hivyo.

Hita ilikuwa na swichi ya usalama, ya kuizima moshi ukirudi ndani. Wendell aliunganisha waya akairuka swichi, kwa kuwa ilimzimia hita kila baridi ilipozidi. Wanaume wa Rautala hufanya hivyo, kisha hujisifu kwa marafiki.

Marlys alipiga magoti na kuchimba kwa mikono, glavu mbili mbili. Alikuwa mpelelezi pekee wa wilaya, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye magoti yaliyomlaumu kila alipoyakunja. Alitoa vipande vitatu vya barafu. Viwili vilikuwa vya njano, vimejaa kutu, vimepandana tabaka juu ya tabaka kama mafuta ya mshumaa yaliyochuruzika. Hizo ndizo ndevu.

Cha tatu kilikuwa cha duara, kinene kama mkate mdogo. Alikiinua kwenye jua. Kilikuwa kiangavu kama kioo cha dirisha jipya. Hakikuwa na kutu wala tabaka. Katikati tu palikuwa na uzi mwembamba wa ukungu. Na ubavuni kilizungukwa na mistari iliyobonyea, miviringo kamili, sawasawa.

"Bomba lile kwa ndani likoje?" aliuliza.

"Laini tu. Ni bomba."

"Basi hii mistari imetoka wapi?"

Dale alivua glavu moja, akapitisha kidole kwenye mistari ile. Alipitisha tena. Marlys aliona uso wake ukibadilika polepole, kwa sababu hakuna mwanamume wa Rautala asiyehifadhi misumari yake kwenye chombo chenye mistari hiyo.

"Kopo la kahawa," Dale alisema.

"Mtu aliigandisha nyumbani kwake ndani ya kopo. Akaja nayo."

Dale aligeuka akatazama barabara. Zilikuwako nyumba tano, moshi ukipanda wima kwenye kila paa, na katika kila nyumba aliwahi kula. Alizitazama kana kwamba zimepangwa upya usiku. "Marlys, kila nyumba hapa ina makopo hayo. Hata mimi ninayo."

"Najua. Ndiyo maana nataka uende sasa hivi. Iweke kwenye friza la ofisi, lifunge, ufunguo utie mfukoni. Usimwambie mtu. Kisha unirudie."

"Nikuache hapa bila gari?"

"Niko kwa mjane, kwa Doreen. Nitanyweshwa kahawa hadi nitapike. Nenda."

Gari liliondoka likiburuta moshi mweupe. Marlys alizunguka nyumba kuelekea mlango wa nyuma, theluji ikilia chini ya viatu vyake kila hatua. Baridi ikishafika nyuzi thelathini chini ya sifuri, theluji ya Rautala haimfichii mtu siri, hulia kama ubao mkavu. Juu ya ngazi palikuwa na taa ya barafu. Kila Krismasi watu hugandisha maji ndooni, huacha shimo katikati, huwasha mshumaa ndani na kuipeleka makaburini. Hii haikuwa imewashwa bado. Marlys aliipita, akasimama, akairudia.

Ilikuwa angavu kama kioo. Katikati ya ukuta wake kulikuwa na uzi mwembamba wa ukungu.

Alitazama nyuma, barabara ilikuwa tupu. Akaingia.

Doreen Haapala hakuwa jikoni. Vyakula vya majirani vilikuwa vimepangwa mezani, mabakuli ya viazi na nyama ya kusaga, hakuna lililochotwa hata kijiko. Mlango wa gereji ulikuwa wazi. Humo ndimo mjane alimokuwa, kwenye kiti cha kukunja cha mumewe, amevaa koti la mumewe, mikono imepotea ndani ya mikono ya koti. Juu yake hita ilikuwa ikinguruma.

"Nani kaiwasha?" Marlys aliuliza.

"Leland. Kaja jana kaitengeneza, kaweka na mdomo mpya wa bomba. Nisipoiwasha mabomba ya maji ya jikoni yatapasuka, yamepita kwenye ukuta huu. Keti, Marlys. Siyo hicho, mguu wake mbovu. Keti cha Leland."

Marlys aliketi kwenye kiti cha Leland. Ndivyo walivyokaa kila Jumamosi, Wendell na jirani yake Leland Ostby, wakisikiliza hoki redioni na kula soseji za kulungu. Friji la bia, rafu za zana, ngozi ya kulungu imetandazwa ukutani. Kwa wanaume wa huko gereji ndiyo sebule, sebule yenyewe ni ya wageni na wachungaji. Palikuwa na dirisha dogo moja, na jua la mchana mfupi liliingia pale likalala sakafuni.

Tok.

Marlys alishtuka. "Nini hiyo?"

"Ndoo." Doreen alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi. "Wendell kaifudikiza chini ya bomba huko nje. Tone likitoka linaigonga. Alikuwa akisema, ndoo ikilia moshi unatoka, ikinyamaza mimi nina kazi. Mwendawazimu yule. Nimelala na ndoo hiyo masikioni miaka yote ya ndoa."

Tok.

"Na siku ile?"

"Ilinyamaza." Tabasamu liliondoka. "Marlys, usijisumbue na maswali. Nimemuua mimi."

Alisema kama mtu anayekiri kwamba ameunguza mkate.

"Umemuuaje?"

"Nilishusha joto. Alhamisi. Yeye alitaka humu muwe kama chumba cha kulala, nikamwambia, kulungu hao wameshakufa, hawasikii baridi, unampashia nani? Tukagombana. Alipotoka nikaizungusha ile swichi ya joto, nikaishusha sana. Sasa yule fundi wa gesi aliyekuja na Dale kanieleza vizuri tu, wala hakujua ananieleza nini. Ukishusha joto, hita inawaka kidogo inazima, inawaka kidogo inazima. Bomba halipati moto. Mvuke wote unageuka maji humo humo. Maji yakizidi, barafu inazidi." Alitoa mkono wa kulia ndani ya koti akautazama. "Ni mkono huu. Siku hizi hata kuulia chakula siwezi."

"Fundi hakukosea. Lakini..."

"Jumapili nitasimama kanisani niseme. Mchungaji kaniambia nisifanye haraka. Nikishasema, sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kama nina haja ya kuendelea kuamka asubuhi."

Walisoma darasa moja tangu utoto, Doreen na Marlys, na Marlys hakuwahi kumsikia akisema jambo asilolimaanisha. Aliogopa. Angeweza kumwambia mara moja kuhusu kile kipande cha barafu, lakini alitaka kwanza maneno ya shahidi kabla hayajaguswa na maneno yake. Ndiyo kazi, na kazi hiyo mara nyingine haina huruma.

"Nijibu kama vile mimi sikujui," alisema. "Ndoo ilinyamaza vipi? Polepole, au ghafla?"

"Ilinyamaza tu."

"Sikiliza. Barafu ikiziba yenyewe huziba kidogo kidogo. Tone linachelewa. Kesho yake linachelewa zaidi. Ndoo ingeanza kusita tangu Ijumaa. Ilisita?"

Doreen alifumba macho. Tok, ikasema ndoo nje. Tok.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa jikoni nakanda unga. Ilikuwa ikilia kama hivi, halafu basi. Kama mtu aliyekatizwa maneno. Nikasema moyoni, ametoka kuzinyoa ndevu zake. Hata hatua zake nilizisikia, theluji ikilia."

"Ulisikia hatua nje?"

"Za Wendell, ndiyo."

"Doreen. Alikutwa amevaa nini miguuni?"

Hita ilinguruma. Doreen alifumbua macho, akayashusha sakafuni, mbele ya kiti alichoketi. Pale bado palikuwa na ndara za manyoya, kisigino cha moja kimeliwa na mbwa aliyekufa zamani.

"Ndara," alinong'ona. "Dale kamvua ndara."

"Zilikuwa na theluji?"

"Zilikuwa kavu."

Marlys aliona wazo likimwingia mwenzake na kukosa pa kukaa.

"Halafu?" aliuliza kwa upole.

"Halafu nikaona dirisha hilo limekuwa jeupe. Kwa ndani, maji yanatiririka. Nikadhani amechemsha kahawa." Sauti ilimkatika. "Nilidhani ni kahawa, Marlys."

"Mvuke ule ule. Ukikosa njia ya kutoka huja kukaa ndani." Marlys alisogeza kiti karibu. "Sasa niambie. Ile taa ya barafu ngazini, ni ya nani?"

"Ya Leland, kaileta jana tukaiweke kaburini. Ya nani mwingine? Zetu sote zina moyo mweupe kama maziwa ya mgando. Yeye huchemsha maji mara mbili, akayapooza, akachemsha tena, ati ukungu utoke. Kanisa zima linamcheka. Wendell alikuwa akimuuliza, Leland, hayo maji unatengeneza taa au unampikia bibi harusi chai?"

Alicheka kidogo, kisha akaona kwamba Marlys hacheki.

"Unakumbuka msimu wa kuwinda kulungu?" Marlys aliuliza. "Wendell aliwinda na Leland. Alikuambia lolote kuhusu yule mwalimu?"

"Brandvold? Maskini. Aliyepigwa risasi msituni Novemba." Doreen alikunja uso. "Wendell hakutaka atajwe humu ndani. Wiki ile ile ya mwisho ndipo kaniambia, Jumatatu naenda kwa sherifu, nina jambo la msimu wa kulungu. Nikamwuliza jambo gani, akasema nisilibebe, ni zito."

Marlys alilichunguza faili la mwalimu Brandvold tangu Novemba bila kupata hata jina moja la kushuku. Mtu alipigwa risasi akiwa amevaa koti la rangi ya chungwa linaloonekana hadi ng'ambo ya ziwa, na hakuna aliyejitokeza. Wendell aliwinda msitu huo huo. Na Wendell hakuwahi kuwinda peke yake.

"Nani anajua kwamba alitaka kwenda kwa sherifu?"

"Mimi tu. Na Leland, nilimwambia jana alipokuwa juu ya ngazi anafunga bomba. Nikamwambia Marlys akija nitamweleza na yeye, pengine ina maana." Doreen aliongea taratibu, akisikiliza maneno yake mwenyewe. "Akasema nisihangaike na polisi. Akasema nije tu nikae hapa mchana kama kawaida yangu, nijipumzishe, joto amenitengenezea vizuri. Kanipandishia ile swichi yeye mwenyewe."

Tok.

Marlys alitaka kuuliza swali jingine, lakini swali halikutoka. Alikuwa akingoja tone. Hakujua tangu lini alianza kuyangoja matone, ila sasa alilingoja lile moja tu, na halikuja.

Nje, karibu sana na ukuta, theluji ililia chini ya kiatu. Kisha kimya.

Doreen alifungua kinywa. Marlys aliweka kidole midomoni. Walitazamana, na katika macho ya mwenzake Marlys aliona Jumamosi ile nzima ikirudi.

Hita iliendelea kunguruma juu ya vichwa vyao. Pembe ya chini ya kioo cha dirisha ilianza kufifia. Ukungu ulipanda taratibu, ukafunika jua, ukafunika tuta la theluji na uzio, na punde tone moja likajikusanya juu na kuteremka. Marlys alikuwa ameona maiti nyingi na watu wengi wenye bunduki, na hakuna kilichowahi kumtia hofu kama kile kioo. Paji la uso lilimbana. Hakujua kama ni hewa ile tayari au ni woga wake tu.

Kando yake palikuwa na mkono wa njano wa kufungia gesi. Aliushika, kisha akauachia. Ngurumo ikikatika, aliye nje atasikia, na ataondoka akirudi nyumbani kwake kunywa kahawa, na kesho itakuwa neno la Leland Ostby, mzee wa kanisa, dhidi ya kipande cha barafu.

Aliiacha hita iwake. Alimshika Doreen kiwiko, akamwinua, wakatembea kwa ncha za vidole hadi jikoni, na Marlys akaufunga mlango nyuma yao kwa upole wa mama aliyelaza mtoto. Akafungua dirisha la jikoni la upande wa mbele. Hewa ya baridi iliingia ikawapiga usoni, na hajawahi kuipenda baridi kama siku ile.

"Kaa mlango wa mbele," alinong'ona. "Usirudi humo. Usitoke."

"Ni yeye?"

"Kaa hapo."

Alimpigia Dale simu akiwa ameuegemea mlango wa nyuma kwa kifua. "Uko wapi?"

"Darajani. Kuna nini, mbona unanong'ona?"

"Geuza gari. Usipige king'ora."

Bastola yake ilikuwa chini ya koti nene, chini ya sweta, na zipu iliganda nusu njia. Aliivuta kwa meno. Alipotoka hakupita njia iliyosafishwa. Alipita ukutani, kwenye theluji laini iliyofika mapajani, ambayo haina sauti, akiinua mguu mmoja baada ya mwingine kama anayevuka mto.

Alifika kwenye pembe, akachungulia.

Leland Ostby alikuwa amepiga magoti chini ya bomba, mgongo mpana, kofia ya manyoya, mtu mzima anayeheshimika. Mdomo wa bomba ulizibwa na kizibo cha barafu safi, kinang'aa. Alikuwa akikimiminia maji kwa kopo la kahawa, kidogo kidogo, kuzunguka ukingo, ili kigande kikaze. Alifanya kwa uangalifu, kama alivyofanya kila kitu.

"Leland."

Hakuruka. Aligeuza kichwa tu, na macho yake ya samawati yalikuwa matulivu, na huo utulivu ndio uliomtisha Marlys kuliko bunduki.

"Afande," alisema. "Nilidhani umeondoka na Dale."

"Mikono yako niione."

"Nimekuja kuzinyoa ndevu. Siku hizi zinaziba upesi, bomba jipya halijazoea."

"Na kopo?"

Leland alitazama kopo mkononi mwake kana kwamba amewekewa na mtu. Kisha aliurusha mkono kwa nguvu kuelekea kwenye uzio, kule kwenye theluji nyingi. Mkono ulienda. Kopo halikwenda.

Alirusha tena. Alikuwa amevua glavu ili amimine vizuri, na vidole vilikuwa vimelowa. Katika baridi ile, kiganja kilicholowa na bati hushikana mara moja. Kila mtoto wa Rautala hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kusoma. Leland alivuta kopo kwa mkono wa pili, ngozi ikavutika pamoja nalo, akaacha. Sasa ndipo utulivu ulipomtoka.

"Marlys. Niletee maji ya uvuguvugu. Tafadhali."

"Mwalimu Brandvold."

"Nilidhani ni kulungu." Alipumua haraka haraka, mvuke ukimganda kwenye nyusi. "Wendell alipiga kelele, nikawa nimeshafyatua. Alikubali kunyamaza. Wewe unamjua Wendell, neno lake ni neno. Kisha akaanza kutolala. Nilimwomba, Marlys. Nilimwomba kwa magoti kwenye kiti chake kile."

"Na Doreen? Yeye alifanya nini?"

Leland alilitazama kopo. "Doreen angelala tu. Hata asingejua."

Mazoea yana taabu. Mtu huyu aliamua kumuua rafiki yake, akatafuta kopo la kipimo cha bomba, akasubiri baridi ya kutosha, na hata hapo hakuweza kutengeneza barafu mbaya. Aliweka birika jikoni kwake, akachemsha mara mbili.

"Siyo swichi."

Sauti ilitoka nyuma. Kama ilivyo kwa mwanamke yeyote wa Rautala aliyeambiwa akae ndani, Doreen alikuwa ametoka. Alisimama kwenye njia, koti la Wendell likiburuzika, macho kwenye kile kizibo. Jua la mwisho lilikuwa limeingia ndani ya barafu ile likakaa humo.

"Siyo swichi, Doreen," Marlys alisema bila kuishusha bastola.

Doreen aliutazama mkono wake wa kulia, mbele na nyuma. Kisha akaunyoosha, akachukua ufagio wa Wendell uliokuwa umeegemea ukuta tangu siku aliyokufa, akapiga mdomo wa bomba pigo moja, kama alivyomwona mumewe akipiga miaka yote. Kizibo kilichomoka kikaanguka kwenye theluji, kikalala hapo kikimngoja mtu wa kukipiga picha. Moshi ulitoka kwa nguvu, mweupe, mzito, ukampita Leland usoni.

Mbali barabarani gari la Dale lilikuwa likija bila king'ora.

Tok, ikasema ndoo.

"Shemeji," Leland alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtoto. "Shemeji, mkono wangu."

Doreen aliurudisha ufagio mahali pake. Alimtazama kwa muda, yeye na kopo lake.

"Maji unayataka ya bomba," aliuliza, "au yaliyochemshwa?"

Doreen alipanda ngazi, akaipita ile taa ya barafu, akaingia jikoni, na Marlys akasikia bomba la maji likifunguliwa.